Jimbo Lililofuta Kodi ya Mapato

Katika miaka ya 1940, kila kiangazi kilipokaribia, meli zilitoka Seattle na San Francisco zikielekea kaskazini, zimejaa vibarua, nyavu na mikebe mitupu. Zilikuwa zinakwenda Alaska kuvua salmoni. Watu walivua, wakapika, wakajaza mikebe, na msimu ulipokwisha wakapanda meli zilezile na mishahara yao mfukoni. Kampuni zilizowaajiri nazo zilikuwa na ofisi kuu hukohuko kusini, kwa hiyo faida ilisafiri pamoja na samaki. Alaska wakati huo haikuwa jimbo. Marekani ilikuwa imeinunua kwa Warusi mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2, na bado ilikuwa eneo lenye gavana wa kuteuliwa na Washington, pamoja na bunge dogo lililokutana Juneau. Shule zilihitaji walimu, na hazina ilikuwa karibu tupu.

Gavana alikuwa Ernest Gruening, aliyesomea udaktari Harvard kisha akauacha akawa mwandishi wa habari. Rais Franklin Roosevelt alimteua mwaka 1939, na kwa karibu miaka 10 alisukuma kodi ya mapato bungeni. Kila mara mawakala wa viwanda vya samaki na wa migodi walikuwa wameshatangulia kuzungumza na wabunge, na mswada ukafia njiani. Mwaka 1949, sura za bunge zilipobadilika, sheria ikapita. Ukokotoaji wake haukumpa mtu shida: angalia kodi unayodaiwa na serikali ya Marekani, kisha uilipe Alaska asilimia 10 ya kiasi hicho. Kampuni ya meli ya Alaska Steamship ilikwenda mahakamani kuipinga, na mwaka 1950 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba sheria ni halali.

Natilia mkazo asili hiyo kwa sababu baadaye ilisahaulika kabisa. Kodi hii ilitungwa kwanza ili kumdaka mtu anayechuma na kuondoka. Mkazi wa Juneau aliilipa, ndiyo, lakini aliyelengwa alikuwa abiria wa meli ya kurudi Seattle.

Huenda msomaji wa Nairobi au Dodoma akashangaa kusikia jimbo lina kodi yake ya mapato. Kwetu jambo hili halipo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 209, inaiachia serikali ya taifa peke yake kodi ya mapato, kaunti zikabaki na kodi za ardhi na majengo na za burudani. Tanzania kodi ya mapato ni suala la Muungano, hata Zanzibar. Marekani kila jimbo lina hiari yake. Wisconsin ilionyesha mwaka 1911 kwamba inawezekana kuikusanya vizuri, na majimbo mengine yakafuata, hasa wakati wa mdororo mkuu wa miaka ya 1930. Ndiyo maana Mkongo au Mkenya anayefanya kazi Ohio hukatwa mara mbili katika mshahara mmoja, mara ya taifa na mara ya jimbo, na binamu yake aliyeko Texas hukatwa ya taifa tu. Texas ni miongoni mwa majimbo machache yasiyotoza mishahara. Mengi kati ya hayo hayakuwahi kuwa na kodi hiyo. Alaska ilikuwa nayo kwa miaka 30 na zaidi, ikaizoea, kisha ikaifuta.

Alaska ilipata hadhi ya jimbo Januari 1959. Miaka tisa baadaye, mwaka 1968, wachimbaji waligundua mafuta mengi mno huko Prudhoe Bay, pwani ya Bahari ya Aktiki. Septemba 1969 jimbo lilipiga mnada vitalu vya ardhi hiyo mjini Anchorage, na kwa siku moja likaingiza dola milioni 900, fedha ambazo bajeti yake ya mwaka haikuzikaribia. Fedha hizo zilitumika zikaisha katika miaka michache, kwa shule, barabara na mambo mengine ya maana na yasiyo ya maana, na wananchi wakabaki wanaulizana zimekwenda wapi. Juni 1977 mafuta yakaanza kutiririka katika bomba la kilomita karibu 1,300 hadi bandari ya Valdez. Safari hii walijihadhari. Mwaka 1976, kabla bomba halijakamilika, walikuwa wamepiga kura kuingiza katika katiba Mfuko wa Kudumu, ambamo angalau robo ya mrabaha wa mafuta na madini ingewekwa, na mtaji wake usiguswe.

Gavana wa zama hizo alikuwa Jay Hammond, na bila yeye habari hii haieleweki. Alikuwa rubani wa kivita katika Vita vya Pili, akaja Alaska mwaka 1946, akaishi kwa kutega wanyama, kuvua samaki na kurusha ndege ndogo nyikani. Makazi yake yalikuwa Naknek, kwenye ghuba ya Bristol, palepale pa salmoni. Alipokuwa kiongozi wa serikali ya mtaa huko aliona ya Gruening yakijirudia: samaki wa mamilioni ya dola wanapita mbele ya nyumba zisizo na maji ya bomba. Akapendekeza kodi ndogo juu ya samaki, ambayo karibu yote ingelipwa na wageni, na kwanza wenyeji wenyewe wakaikataa. Ilibidi aifunge pamoja na ahadi ya kuwaondolea kodi ya majengo ndipo wakakubali. Somo alilolipata pale, kwamba mtu hulinda mali ya umma pale tu anapoiona ikigusa mfuko wake mwenyewe, alikwenda nalo ikulu.

Mwaka 1979 mapinduzi ya Iran yaliparaganya soko la mafuta, bei ikapanda zaidi ya maradufu. Hazina ya Alaska ikafurika. Hapo mtu wa kawaida akauliza swali ambalo hata mimi ningeliuliza: kama serikali imeshindwa kuzimaliza fedha za mafuta, kwa nini bado inakata mshahara wangu? Viwango vya kodi wakati huo vilifika hadi asilimia 14.5 kwa wenye mapato makubwa, miongoni mwa vya juu kabisa nchini. Dick Randolph, wakala wa bima kutoka Fairbanks aliyeingia bungeni kwa chama cha Libertarian, alianza kukusanya saini ili suala liende moja kwa moja kwa wapiga kura. Wabunge waliona upepo unakovumia. Hakuna mwanasiasa aliyetaka sanduku la kura limpokonye sifa ya kufuta kodi.

Kwanza, mwaka 1980, walijaribu ujanja. Walipitisha sheria ya kumsamehe kodi yote mtu aliyekuwa mlipaji kwa miaka mitatu au zaidi, na mgeni asamehewe kidogo kidogo kadiri anavyokaa. Kwa maneno mengine, walitaka kubaki na kodi ya Gruening kwa wapitaji tu. Wanasheria wawili, mume na mke waliohamia Anchorage miaka miwili nyuma, walikwenda mahakamani, na Mahakama Kuu ya Alaska ikaifutilia mbali sheria hiyo kwa kuwa inawabagua raia kwa urefu wa ukaaji. Ikabaki njia mbili, wote walipe au wote wasilipe. Mwaka huohuo bunge likakutana katika kikao maalumu na kuifuta kodi kabisa, tena kwa kurudi nyuma hadi Januari 1979, na waliokwisha kulipa wakarudishiwa.

Hammond hakuitaka sheria hiyo. Alipendelea kodi isimamishwe tu, ibaki katika vitabu bila makali, ili siku mafuta yakipungua iamshwe bila vita. Hoja yake kubwa haikuwa ya mapato. Aliona kwamba mwananchi asiyelipa chochote hana sababu ya kuuliza daraja hili ni la nini, na mbunge asiyeulizwa hujenga kila daraja. Hata hivyo alitia saini, kwa kuwa bunge lilikuwa limeshaamua na umma ulikuwa unashangilia. Baadaye aliandika kwamba kutia saini ile ni miongoni mwa makosa makubwa ya utawala wake.

Alilopigania kwa nguvu na kulipata ni gawio. Kila mkazi, mtoto kwa mzee, angepewa kila mwaka sehemu ya faida ya Mfuko wa Kudumu. Hapa tena walitaka kumpa zaidi aliyekaa zaidi, dola 50 kwa kila mwaka wa ukaaji tangu 1959, na wanasheria walewale wawili wakaifikisha kesi hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Juni 1982 wakashinda. Gawio likawa sawa kwa wote, na hundi za kwanza za mwaka huo zilikuwa za dola 1,000. Kwa familia ya watu sita katika kijiji cha Wayup'ik, wenyeji wa asili wa Alaska, ambako petroli na maziwa hufika kwa ndege, hizo zilikuwa fedha za kununua mashine ya boti. Hammond alidhani gawio lingefanya kazi ya kodi, yaani kumfanya mwananchi ailinde hazina. Lilifanya nusu ya kazi hiyo. Watu waliulinda Mfuko kwa wivu mkali, ila hawakuilinda bajeti.

Mwaka 1986 bei ya mafuta ilianguka, kwa muda ikawa chini ya dola 10 kwa pipa. Benki zilifilisika, watu waliacha funguo za nyumba mlangoni wakarudi kusini, na Anchorage ikajaa vibao vya kuuza. Ingekuwa saa ya kuirudisha kodi, lakini nani angetoza mishahara watu wanaofukuzwa kazi? Kisha uzalishaji ukapanda, ukafika kilele cha mapipa karibu milioni mbili kwa siku mwaka 1988, na mjadala ukazimika. Tangu hapo uzalishaji umeshuka hadi chini ya robo ya kiwango hicho. Mwaka 1999 viongozi waliwauliza wananchi kama faida ya Mfuko, baada ya kulipa gawio, inaweza kusaidia bajeti. Asilimia 83 walisema hapana.

Kuna athari nyingine ambayo wanauchumi wa Alaska wameieleza mara nyingi, na kwangu hiyo ndiyo nzito kuliko nakisi yenyewe. Kwingineko, kiwanda kipya kikifunguliwa, serikali hufurahi kwa kuwa wafanyakazi wake watalipa kodi itakayojenga shule za watoto wao. Alaska kiwanda hicho ni mzigo. Wafanyakazi wake wataleta watoto shuleni na magari barabarani, watadai na gawio, na hazina ya jimbo haitapata kitu cha maana, kwa sababu hakuna kodi ya mapato na jimbo halina kodi ya mauzo. Baadhi ya miji tu ndiyo inayo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyozoea kusema. Alaska mgeni akija mwenyeji humlipia. Na karibu mfanyakazi mmoja kati ya watano ni mtu asiyeishi kule: wa samaki, wa mafuta, wa utalii. Huchuma, hupanda ndege, huondoka, kama mwaka 1940.

Wapo waliofuta au walioikataa kodi hii wakaendelea vizuri, na si haki kuwaruka. South Dakota iliifuta mwaka 1943, haina mafuta ya maana, na imesimama kwa zaidi ya miaka 80. Tennessee ilimaliza mwaka 2021 kodi yake ya riba na magawio iliyoanza 1929. Texas na Florida zimevuta watu kwa mamilioni, na makampuni pia. Hoja ya watetezi ina uzito: mshahara ni jasho, na ni bora kutoza matumizi kuliko jasho, majimbo yakishindana, yanayobadhiri yatakimbiwa, mtalii wa Florida na mcheza kamari wa Nevada husaidia kubeba mzigo. Sina shaka kwamba mzee aliyestaafu New York hulifikiria hilo anapotafuta nyumba ya Miami, ingawa jua la Januari nalo lina sehemu yake. Lakini hesabu hufungwa mahali fulani. South Dakota hutoza kodi hata chakula. Tennessee, ukijumlisha jimbo na wilaya, kodi ya mauzo hukaribia asilimia 10. Texas huegemea kodi ya majengo, ambayo mpangaji huilipa ndani ya kodi ya pango bila kuiona. Taasisi ya utafiti wa kodi ya ITEP, ya Washington, ambayo haifichi kwamba huutetea upande wa wenye kipato kidogo, ilipopanga majimbo mwaka 2024 kwa jinsi maskini anavyobanwa zaidi ya tajiri, Florida ilikuwa ya kwanza.

Kansas ilijaribu bila utajiri wa mafuta wa Alaska, bila fukwe za Florida na bila kamari za Nevada. Mei 2012 Gavana Sam Brownback alitia saini sheria iliyoshusha kiwango cha juu kutoka asilimia 6.45 hadi 4.9, na kuyaondolea kabisa kodi mapato ya biashara zisizolipa kodi ya makampuni, ambazo faida yake huhesabiwa kuwa ya mwenyewe. Nia ilikuwa kushuka hatua kwa hatua hadi sifuri. Mchumi Arthur Laffer, yule wa zama za Reagan, aliletwa kushauri. Uchumi ungechangamka, walisema, na kodi iliyofutwa ingerudi kwa mlango mwingine.

Haikurudi. Mapato ya jimbo yalipungua kwa dola milioni mia kadhaa katika mwaka wa kwanza kamili, na watu wengi kuliko ilivyotarajiwa wakagundua kwamba wao ni wafanyabiashara. Daktari au mshauri aliyekuwa akilipwa mshahara aliweza kujigeuza kampuni ndogo, akaendelea na kazi ileile. Mhudumu wake wa mapokezi hakuweza, akaendelea kukatwa. Fedha za barabara zikahamishwa kuziba mapengo. Mwaka 2015 baadhi ya wilaya zilifunga shule siku kadhaa kabla ya muhula kwisha, na kodi ya mauzo ikapandishwa hadi asilimia 6.5, ya unga na mayai ikiwemo. Mashirika yanayopima uwezo wa kulipa madeni yakaishushia Kansas daraja. Ajira haikukua kuwashinda majirani. Juni 2017 bunge, lililojaa wenzake Brownback wa chama cha Republican, likapitisha sheria ya kurudisha viwango. Yeye akapiga kura ya turufu, nao wakaishinda kwa theluthi mbili.

Linganisha na Alaska. Kansas ilipunguza, ikaumia, ikarudisha ndani ya miaka mitano, kwa sababu idara ya kodi ilikuwepo, fomu zilikuwepo, na wananchi walikumbuka kulipa. Alaska kizazi kizima kilikuwa kimezaliwa na kukua bila kukatwa senti na jimbo, tena kikipokea hundi kila Oktoba.

Bei ya mafuta ilipoanguka tena, kutoka juu ya dola 100 mwaka 2014 hadi chini ya 30 mapema 2016, Gavana Bill Walker, asiye na chama, alisema wazi lililokuwa mwiko. Alipendekeza kodi ya mapato ya asilimia 6 ya ile inayolipwa serikali ya taifa, yaani kwa kanuni ileile ya Gruening na kwa kiwango cha chini zaidi. Bunge halikuigusa. Walker akakata gawio la 2016 kwa kura ya turufu, likawa dola 1,022 badala ya zaidi ya 2,000. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alaska Anchorage walikuwa wameonya mwaka huohuo kwamba katika njia zote za kuziba nakisi, kukata gawio ndiko kunakomuumiza zaidi maskini, na kwamba kodi ya mapato humfikia mwenye nacho na mfanyakazi anayeondoka na ndege. Kufikia Mei 2017 baraza la chini lilikuwa limepitisha mswada wa kodi. Seneti ikaukataa kwa kura 15 dhidi ya 4. Mwaka uliofuata ikapita sheria ya kuchota asilimia maalumu ya Mfuko kila mwaka kwa ajili ya bajeti, jambo ambalo wapiga kura wa 1999 walilikataa. Walker alijitoa kwenye uchaguzi kabla haujafika. Mike Dunleavy alishinda kwa kuahidi gawio kamili bila kodi, na mwaka 2019, akiwa kitini, akatangaza kupunguza ruzuku ya chuo kikuu kwa dola milioni 130 kwa mpigo. Kelele zilikuwa kubwa, punguzo likashuka hadi milioni 70 kwa miaka mitatu. Gawio kamili halikupatikana.

Ukiitazama hivyo, Alaska ina kodi ya mapato, ila haina jina. Kila dola inayokatwa kwenye gawio ni ileile kwa meneja wa kampuni ya mafuta na kwa mjane mwenye watoto wanne, na mjane hukatwa mara tano. Mvuvi kutoka Seattle hakatwi kitu, kwa kuwa hakuwa na gawio la kukatwa.

Majimbo mengine yanaendelea kuitamani njia hiyo. Machi 2025 Gavana Tate Reeves wa Mississippi, mojawapo ya majimbo maskini kabisa, alitia saini sheria ya kuifuta kodi ya mapato kidogo kidogo hadi iishe. Seneti ilikuwa imeweka breki: kila punguzo lisubiri hadi ongezeko la mapato lifikie asilimia 85 ya gharama ya punguzo hilo. Katika kuandika, nukta iliwekwa vibaya, ikawa asilimia 0.85. Wenzao wa baraza la chini, waliotaka kodi ifutwe haraka, waliuona mswada ulivyo na wakaupitisha hivyo hivyo. Gavana akatia saini, ikawa sheria.

Alaska mwaka huo gawio lilikuwa dola 1,000, idadi ileile iliyoandikwa kwenye hundi za 1982, bila kuhesabu kupanda kwa bei kwa miaka 43.